Vidole vya Mwalimu vimeingia kwenye tableti

Jumamosi ya pili mfululizo nilikuwa sebuleni kwa Mwalimu, njia ya kwenda Bigwa hapa Morogoro. Kinanda kimewaka, tableti imewaka, waya umechomekwa huku na huku, na hakuna anayemsikia mwenzake. Nabonyeza, kinanda kinalia, tableti kimya. Nachomoa, nachomeka. Nazima, nawasha. Mwalimu yuko kwenye kiti chake cha mbao, mikono magotini, ananisubiri kwa uvumilivu uleule aliokuwa nao alipokuwa akitufundisha sauti ya pili. Mama ameshaleta chai mara mbili.

"Mwanangu," Mwalimu akasema mwishowe, "kwani hatuwezi kuimba tu?"

Tukaimba tu. Lakini jioni ile nilirudi Kihonda moyo mzito, maana sikwenda kwake kuimba. Nilikwenda kuchukua kitu ambacho hakimo kwenye daftari lolote, na wiki nyingine ilikuwa imepita.

Mwalimu ana miaka 78. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na kwaya yetu ameifundisha miaka thelathini na ushee. Mimi alinipokea nikiwa msichana wa darasa la saba, akaniweka alto, na baadaye akanikalisha kwenye kinanda akaniambia: "Ukikosea usisimame. Waimbaji wanakufuata wewe." Mpaka leo Dominika napiga kwa maneno hayo. Yeye mwenyewe alijifunza chuo cha ualimu, kwenye kinanda cha upepo, kile cha kukanyaga kwa miguu. Ukimtazama akipiga kinanda cha umeme utaona miguu yake bado inakwenda, kulia, kushoto, chini ya meza ambako hakuna pedali yoyote. Watoto wa kwaya walikuwa wakimcheka. Mimi nimemzoea hivyo, akiituliza miguu najua anaumwa.

Ametunga nyimbo 43. Zote ziko kwenye kaunta buku tatu, kwa solfa, kalamu ya bluu kwa nota na nyekundu kwa maneno. Nyimbo za kuingia, za matoleo, za komunio, na moja ya maziko ambayo sijawahi kuimaliza bila kutoa machozi. Wengi tuliokulia kwenye kwaya tumesoma solfa kabla hatujajua kama kuna nota za mistari: d, r, m, f, nukta mbili kutenganisha mapigo, kistari kurefusha. Njia hii ilienezwa Uingereza na John Curwen karne ya 19 ili watu wa kawaida waweze kuimba kwa sauti nne bila kusomea muziki miaka mingi, na wamisionari wakaja nayo. Kwa sauti nne inatosha kabisa. Ila solfa kwenye buku la kwaya inaandika waimbaji tu. Utangulizi wa kinanda, vile vipande vya kuunganisha beti na kiitikio, namna mkono wa kushoto unavyotembea waimbaji wakiwa wanavuta pumzi: hayo hayaandikwi. Yako kwenye vidole vya mpigaji.

Halafu mchwa wakaingia. Buku zilikuwa zimesimamishwa kwenye kabati la ukutani, na mchwa wakapanda kutoka chini. Kwenye ukurasa wa solfa soprano iko juu, inafuata alto, kisha tenor, na besi iko chini kabisa. Kwa hiyo mchwa wamekula besi. Karibu buku zima la kwanza lina sauti tatu safi na mstari wa nne ni matundu na udongo.

Nilimwomba Mwalimu aniimbie besi ya wimbo mmoja wa matoleo ili niiandike upya. Akaanza vizuri, mstari wa pili akapanda soprano bila kujua. Akajaribu tena, akaenda tenor. Akanyamaza, na niliona limemuuma. Nikasogeza kinanda mbele yake. Akaweka mikono, akapiga wimbo wote, na kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikaenda kwenye besi moja baada ya nyingine bila kusita hata mara moja. Koo imesahau. Mkono haujasahau.

Hapo ndipo nilipoanza kuhangaika na nyaya.

Najua utaniuliza kwa nini nisirekodi kwa simu. Nimerekodi. Ninazo rekodi nane zenye jogoo, bodaboda, mfuniko wa sufuria na mjukuu anayeomba hela ya ubuyu. Ninazipenda. Lakini kutoa nota kwenye rekodi ya namna hiyo ni kusikiliza sekunde tatu mara thelathini, na ule mkono wa kushoto ndio unaofunikwa kwanza, kwa sababu simu haisikii vizuri sauti za chini. Nilichotaka ni kinanda chenyewe kiniambie kimebonyezwa wapi.

Na kumbe kinanda kinaweza kusema. Kinachoandikwa na tableti kupitia ule waya si sauti kama nilivyodhani. Ni taarifa: ufunguo fulani umebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani, na baadaye ufunguo huohuo umeachiwa. Kila ufunguo una namba yake. C ya katikati ni 60, ufunguo unaofuata ni 61, na kuendelea. Nguvu ya kidole hupimwa kuanzia 1 hadi 127. Mwalimu akigusa C polepole inakwenda "60, nguvu 40", akiikandamiza inakwenda "60, nguvu 110". Lugha hiyo inaitwa MIDI. Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki huko California, vinanda vya makampuni mawili yaliyokuwa yakishindana sokoni, Prophet-600 cha Sequential Circuits na Jupiter-6 cha Roland, viliunganishwa kwa waya mmoja mbele ya watu, kimoja kikapigwa na kingine kikaitikia. Waliosukuma jambo hilo, Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, walipewa Grammy ya ufundi mwaka 2013, miaka thelathini baadaye. Mimi nimezaliwa 1983. Lugha hii ina umri wangu, na mpaka leo kinanda unachonunua dukani kinaongea lugha ileile.

Faida yake kwa kazi yangu ni kubwa. Jogoo hawezi kuingia, maana jogoo habonyezi ufunguo. Naweza kupunguza mwendo nusu nikasikiliza kila nota na wimbo usishuke sauti. Naweza kuushusha wimbo kutoka Do=G ukawa Do=F kwa ajili ya tenor zetu waliozeeka. Na faili la wimbo wa dakika nne linakuwa na kilobaiti chache tu, wakati rekodi ya sauti ya muda huohuo ni megabaiti nne hivi. Namtumia mwenzangu wa kigango cha mlimani kwa WhatsApp kama waraka, hata bando lake likiwa la mwisho linafika.

Sasa waya.

Kinanda nilichonacho ni Yamaha PSR-E373, funguo 61. Nyuma yake kuna tundu la USB la mraba, lile kama la printa, limeandikwa USB TO HOST. Hilo ndilo. Vinanda vikubwa vina na tundu la pili, bapa, la kuchomeka flashi. Hilo si la kazi hii, na nimeona mtu akilazimisha waya humo mpaka akapinda vyuma vya ndani. Tableti yangu ni ya zamani, ina lile tundu dogo la chaji la simu za miaka ile, micro-USB. Kwa hiyo safari ni hii: waya wa printa unatoka kwenye kinanda, unaingia kwenye kiunganishi kifupi kinachoitwa OTG, na OTG inaingia kwenye tableti.

Kiunganishi hicho ndicho kilichonila Jumamosi mbili. Nilinunua cha kwanza hapa mjini kwa shilingi elfu tatu, muuzaji akaniapia ni OTG. Tableti haikuona kitu. Nikadhani tundu la kinanda limekufa, nikakosa usingizi, maana kinanda kile nilikinunua kwa kudunduliza miezi kumi na nne. Nilipopata safari ya Dar nikakibeba kile kiunganishi. Nimeshuka SGR, nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nikampata kijana fundi simu kwenye meza ndogo yenye lenzi na taa. Nikamweleza. Hakunijibu, akachukua wembe akachana ganda la kile kiunganishi kwa urefu, akalifungua kama anabandua ganda la muhogo.

"Dada, hesabu."

Nikahesabu. Nyaya mbili, nyekundu na nyeusi.

"Hizo ni za umeme tu," akasema. "Hiki ni cha kuwashia feni ndogo kwa simu. Maneno hayapiti hapa."

Akatoa kingine kwenye droo, hicho hakukichana, akanichorea kwenye kipande cha boksi. Nyaya nne: nyekundu na nyeusi za umeme, nyeupe na kijani za kupitisha taarifa. Kisha akaniwekea ule mdomo mdogo chini ya lenzi. Una sindano tano. Ya nne, akasema, kwenye OTG ya kweli imeunganishwa na ya tano, ile ya ethi, na hiyo ndiyo inayoiambia tableti: leo wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye utakayeuliza na mwenzio atajibu. Bila hiyo tableti inabaki kujiona yenyewe ndiyo iliyochomekwa, inasubiri kuulizwa. Kinanda nacho kinasubiri. Wote wawili wamekaa mlangoni, kila mmoja anangoja mwenzake apige hodi.

Nilitamani kumkumbatia. Kwa wiki mbili nilikuwa nikiangalia vitu viwili vizima nikivihesabu vibovu. Alinipa na njia ya kupima ambayo sasa nampa kila anayeniuliza: kabla ya kujaribu kinanda, chomeka maosi ya kompyuta kwenye hiyo OTG. Kikitokea kimshale kwenye kioo cha tableti, OTG ni nzima na tableti inaikubali. Kisipotokea, usiguse kinanda, tatizo liko hapo. Nililipa elfu tano na kijana alikataa hela ya kunifundisha.

Ukiwa na tableti mpya yenye tundu la USB-C, mambo ni mepesi zaidi: kuna waya mmoja wenye USB-C upande huu na mraba wa printa upande wa pili, unachomeka umemaliza. iPad zenye USB-C ni vilevile. Zile za tundu la Lightning zinahitaji kiunganishi cha kamera cha Apple, na ukipata kile chenye tundu la chaji pembeni ni bora, kwa sababu OTG ya kawaida kama yangu huwezi kuchaji na kurekodi kwa wakati mmoja. Mimi naichaji tableti usiku mzima wa Ijumaa. Upande wa Android, kuanzia Android 6 ya mwaka 2015 mfumo wenyewe unaielewa MIDI. Na kama kinanda cha parokia yenu ni cha zamani, hakina USB ila kina matundu ya duara yenye sindano tano, usikitupe. Kuna waya wa kubadilisha unauzwa, na kosa la watu wengi ni kufuata maandishi: mdomo ulioandikwa IN unakwenda kwenye tundu la kinanda lililoandikwa OUT. Kinachotoka huku ndicho kinachoingia kule.

Jumamosi ya tatu nilifika kwa Mwalimu asubuhi. Shikamoo, marahaba, chai. Nikachomeka. Nikafungua programu ya kurekodi, nikabonyeza ufunguo mmoja, na kijimstari cha kijani kikatokea kwenye kioo. Nilipiga kigelegele peke yangu, Mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Furaha ile ilidumu kama dakika moja, maana Mwalimu alipoanza kupiga kila nota ililia mara mbili, moja juu ya nyingine, sauti imevimba kama ya bomba. Akaondoa mikono haraka kama aliyeungua. Sababu yake ni hii: kinanda kinalia chenyewe kinapobonyezwa, halafu kinapeleka taarifa kwenye tableti, na ile programu nayo ilikuwa inairudisha taarifa ileile kwenye kinanda, kinalia tena. Kuna njia mbili za kulimaliza. Ama unazima kule kurudisha ndani ya programu, au kwenye kinanda unaingia kwenye mipangilio unatafuta neno Local unaliweka OFF, ndipo funguo zinaacha kuamsha sauti zenyewe na kinanda kinalia kwa amri ya tableti tu. Nilichagua ya kwanza. Mzee wa miaka 78 umwambie abonyeze na asisikie mpaka tableti ikubali, hapana. Mkono wake unataka sauti itoke pale kidole kinapogusa.

Kwa sababu hiyohiyo sauti ya tableti naizima kabisa. Programu nyingi zina sauti zake za piano na ogani, na zinavutia, lakini kati ya kidole na sauti panakuwa na kuchelewa kidogo, na kwenye tableti ya zamani si kidogo. Ukiunganisha na spika ya bluetooth ndiyo umeharibu, unabonyeza sasa unasikia baadaye, hakuna mpigaji anayeweza kushika mapigo hivyo. Kijana wetu mmoja wa tenor alikuja na spika yake kubwa kwa nia njema na tulipoteza saa nzima. Mimi namwacha Mwalimu asikie kinanda chake kama alivyozoea. Tableti kazi yake ni kuandika.

"Hicho kidude kinasikia?" Mwalimu akaniuliza.

"Hakisikii, Mwalimu. Kinaandika vidole."

Akafikiri. "Basi nikiimba huku napiga?"

"Imba."

Akaimba huku anapiga, nyimbo nne mfululizo, na tangulizi zote, na kile kipande cha kuteremkia kwenye kiitikio ambacho nimejaribu kukiiga miaka ishirini nikakikosa. Usiku nilipokifungua nyumbani niliona kwa nini. Kwenye kioo kila nota ni kijimstari: kikiwa juu ni sauti ya juu, kikiwa kirefu ni nota ndefu. Nilikuwa nikidhani anapiga nota tatu kwa pamoja. Hapigi kwa pamoja. Ya chini inatangulia kidogo sana, ya kati inafuata, ya juu inakuja ya mwisho na ndiyo nyepesi kuliko zote, nguvu 38 wakati ya chini ni 71. Sikio langu lilikuwa limepokea jambo hilo miaka yote hii kama utamu tu, bila kujua limetoka wapi. Nimekaa nalo kinandani mpaka saa sita usiku.

Na besi ilikuwepo. Safu ya chini kabisa ya vijimistari, nzima, kuanzia mwanzo hadi amina. Niliinakili kwa solfa kwenye daftari jipya, nikaipeleka kwa mzee mmoja aliyeimba besi enzi hizo, ambaye sasa anauza mbao karibu na Sabasaba. Akaweka tepu yake chini, akaimba kutoka kwenye karatasi yangu, akafika mstari wa tatu akaacha kuangalia karatasi. Alikuwa anaijua.

Kuna jambo moja ambalo ukilipuuza litakukatisha tamaa. Mwalimu hapigi kwa metronomu, ile mashine ya kugonga mapigo sawasawa. Anapofika mwisho wa mstari anavuta, anasubiri watu wavute pumzi, anaendelea. Ukichukua faili hilo ukalifungua kwenye MuseScore, ile programu ya bure ya kuandikia nota kwenye kompyuta, inajaribu kulazimisha kila kitu kwenye mapigo na inakutolea msitu: nota zimekatwakatwa, zimefungwa kwa pinde, pumziko dogo huku na huku, wimbo rahisi wa kuingia unaonekana kama hirizi. Programu za kurekodi nazo zina kitufe cha kunyoosha mapigo. Nilikibonyeza mara moja. Wimbo ukawa sawasawa kabisa, na haukuwa wa Mwalimu tena. Nikarudisha upesi.

Ninachofanya sasa ni kutunza mafaili mawili kwa kila wimbo. La kwanza ni la Mwalimu, huru, kama alivyopiga, siligusi. Kisha najifunza kwa kulisikiliza polepole, nikishaelewa napiga mwenyewe kwa metronomu, na hilo la kwangu ndilo ninalolipeleka MuseScore. Linatoka safi, nasahihisha kidogo, naandika maneno chini ya nota, na solfa naiongeza kwa mkono kwa sababu wengi wa waimbaji wetu wanasoma hiyo. Ni kazi ya jioni mbili kwa wimbo. Mchana niko kazini kwenye hesabu za duka la pembejeo, kwa hiyo mpaka naandika haya nimemaliza nyimbo 11. Mafaili ya Mwalimu mwenyewe yameshafika 26. Hayo nayakimbilia kwanza, uandishi utasubiri. Nakala moja iko kwenye kadi ya tableti, moja kwenye barua pepe yangu, moja kwenye kompyuta ya ofisi ya parokia, moja kwa yule mwenzangu wa kigango cha mlimani.

Mji wetu huu ulikuwa mji wa muziki. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, Salum Abdallah na Cuban Marimba, wametoka hapa, nyimbo zao zilirekodiwa, na mtoto aliyezaliwa juzi anazipata kwenye simu. Walimu wa kwaya wa miaka ileile walikuwa mitaa ileile wakiandika usiku kwa taa ya kandili, na wengi nyimbo zao ziko kwenye kabati moja, nakala moja, zinangoja mchwa. Kama kwenu yupo mzee wa namna hiyo, na wewe una kinanda chenye lile tundu la mraba, nenda Jumamosi hii. Usingoje Jumamosi yangu ya tatu.

Wiki iliyopita nilimfanyia Mwalimu kitu ambacho sikuwa nimemwonyesha. Waya huu unapitisha pande zote mbili. Kwenye programu unachagua taarifa ziende wapi, na badala ya spika za tableti nikachagua kinanda. Si kila programu ina uwezo huo, kabla ya kulipia angalia kama maelezo yake yanataja MIDI OUT. Nikamwomba Mwalimu akae kwenye kiti chake, mikono magotini. Nikabonyeza.

Kinanda kikaanza kupiga wimbo wa maziko. Hakuna ufunguo uliosogea. Sauti ni ya kinanda kilekile, kutoka spika zilezile, na ule utangulizi ukapita na kule kuvuta kwake mwishoni mwa mstari.

"Nani anapiga?" akauliza, anaangalia funguo.

"Ni wewe, Mwalimu. Jumamosi iliyopita."

Akainama karibu, akasikiliza. Kiitikio kilipofika akanyanyua kidole. "Hapo. Nimegusa fa, ni mi." Alikuwa sahihi. Nikasimamisha, nikamwonyesha kijimstari chenyewe, nikakivuta chini hatua moja kwenye nakala nyingine, nikarudisha mwanzo. Safari hii ilipofika pale akatikisa kichwa mara moja, akafumba macho.

Beti la pili lilipoanza niliangalia chini ya meza. Kandambili zake zilikuwa zinapanda na kushuka, kulia, kushoto, kulia, zinajaza upepo.